Mwongozo kamili: kukusanya nyaraka za kumfuata mwenza Kanada ukiwa Kigoma

Mwezi uliopita dada mmoja wa Ujiji aliingia dukani kwangu Mwanga, ninapofanya kazi ya steshenari, akaweka bahasha ya kaki mezani na kukaa kimya. Mumewe yuko Kanada. Maombi yao yalikuwa yamerudishwa kwa mara ya pili. Mara ya kwanza cheti chake cha polisi kilikuwa kimepitisha miezi sita. Mara ya pili, tafsiri ya talaka ya zamani ya mumewe haikuwa na kiapo cha mtafsiri. Ndoa yao ni ya kweli na wana mtoto. Karatasi mbili zimewala mwaka mzima.

Namna ombi linavyopokelewa ndiyo inayowaumiza wengi. Idara ya uhamiaji ya Kanada, IRCC, huanza kwa kuangalia kama kila kilichotakiwa kipo. Kikikosekana kimoja, wanaweza kurudisha ombi lote hata kabla ya kuanza kulichambua, na siku mlizosubiri hazihesabiwi. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika huku kwetu, kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Mwongozo huu ni wa mume au mke aliyeko Kigoma anayedhaminiwa na mwenza wake, raia au mkaazi wa kudumu wa Kanada.

## Vya kuwa navyo

Kwa upande wako wa huku:

- Kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa cha RITA
- Pasipoti yenye muda wa kutosha
- Cheti cha ndoa kilichosajiliwa
- Hukumu na tuzo ya talaka (hati ya mahakama ya kuvunja ndoa), au cheti cha kifo, kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa kabla
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wako wote
- Cheti cha polisi cha Tanzania, na cha kila nchi nyingine uliyoishi miezi sita mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, tangu ulipotimiza miaka 18
- Ushahidi wa uhusiano wenu: picha, mazungumzo, risiti za pesa, tiketi
- Picha za pasipoti kwa kipimo cha Kanada, milimita 50 kwa 70

Mdhamini naye alete uthibitisho wa uraia au ukaazi wake, taarifa zake za kodi na kazi, na fomu IMM 1344 ya kuomba kudhamini. Kwa kawaida anayemdhamini mume au mke hawekewi kiwango cha chini cha mshahara, ingawa jimbo la Quebec lina utaratibu wake. Atakachosaini ni ahadi ya kukutunza kwa miaka mitatu tangu upate ukaazi.

Fomu zako ni IMM 0008 ya ombi lenyewe, IMM 5669 ya historia yako, IMM 5406 ya familia, na IMM 5532 ya uhusiano, ambayo mnaijaza wote wawili.

Nunua faili lenye mifuko ya plastiki, na fungua barua pepe mpya kwa kazi hii tu. Neno la siri liandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Usimwachie mtu wa kati barua pepe yako, awe ndugu au mwenye duka kama mimi. Barua zote za Kanada zitapitia humo.

## Hatua ya 1: Kaguaneni kabla ya kulipa

Mdhamini lazima awe ametimiza miaka 18, na wewe pia. Kama ni mkaazi wa kudumu na si raia, lazima awe anaishi Kanada wakati wa kudhamini. Kama yeye mwenyewe aliingia Kanada kwa kudhaminiwa na mwenza, lazima miaka mitano iwe imepita tangu apate ukaazi.

Halafu muulize swali hili, na usikubali jibu la haraka: alipohamia Kanada, alijiandika ana mke au mume, au alijiandika hajaoa?

Nauliza kwa sababu mkoa wetu una watu wengi waliosafiri kupitia kambi za wakimbizi au kupitia ndugu. Wapo waliokuwa tayari wameoa lakini wakaandika "hajaoa" kwa kuogopa safari kukwama. Kanuni ya 117(9)(d) ya Kanada inasema mwanafamilia ambaye hakutajwa na hakukaguliwa wakati ule kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye na mtu huyo. Kama hali yenu ni hiyo, simameni hapo hapo mkamwone mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa Kanada. Kuficha kwa mara ya pili kutaharibu zaidi.

Mkishamaliza, mdhamini achukue orodha ya nyaraka IMM 5533 kutoka tovuti ya serikali ya Kanada. Ichapeni nakala mbili, moja ikae kwake na moja kwako. Kila karatasi ikipatikana mnaweka alama siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 2: Nyoosha majina

Hapa ndipo ninapoanza na kila mtu anayekuja dukani, hata kama yeye anataka tuanze na picha za harusi.

Panga mezani NIDA, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Chukua karatasi nyeupe, andika jina lako jinsi lilivyo kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi, mstari chini ya mstari. Utaona mambo. Hamis hapa, Hamisi pale. Jina la babu lipo kwenye NIDA, halipo kwenye cheti cha ndoa. Mwaka wa kuzaliwa 1994 na 1996. Mama mmoja wa Katonga tulimkuta na tarehe tatu za kuzaliwa, kila moja na muhuri halali juu yake.

Kosa likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, rekebisha kupitia RITA, kwa mfumo wao wa mtandaoni au kwa msajili wa wilaya. Likiwa kwenye NIDA, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya. Kwa tofauti ndogo ya herufi ambayo haiwezi kubadilishwa haraka, wakili anakuandalia hati ya kiapo inayosema kwamba majina haya na haya ni ya mtu mmoja. Kiapo husaidia kueleza tofauti, lakini hakifuti tarehe mbili za kuzaliwa. Tarehe irekebishwe kwenye chanzo.

Pasipoti ifanye mwisho, baada ya NIDA na cheti cha kuzaliwa kukubaliana. Unaanza ombi kwenye tovuti ya Uhamiaji, unachapa fomu na kuipeleka ofisini na viambatisho. Ada ya pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Kigoma ni mkoa wa mpakani, kwa hiyo jiandae kuulizwa kuhusu wazazi na hata babu: walizaliwa wapi, vyeti vyao viko wapi. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo chake, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Ukienda mikono mitupu utarudi Kasulu au Uvinza na nauli imekwisha.

Na jambo moja kwa akina dada: kwenye fomu za Kanada andika jina lililo kwenye pasipoti. Kama pasipoti ina jina la baba yako, usiweke la mume kwa sababu tu umeolewa.

Hatua hii imekwisha pale karatasi yako nyeupe inapokuwa na mistari inayofanana kuanzia juu hadi chini, au tofauti iliyobaki ina kiapo chake.

## Hatua ya 3: Ndoa isiyo na shaka

Cheti cha ndoa ni karatasi moja, lakini kina maswali matatu nyuma yake.

Mlikuwa pamoja? Tangu Juni 2015 Kanada haikubali ndoa ambayo mmoja wao hakuwepo mwenyewe: ndoa ya simu, ya video, au ya kuwakilishwa na mtu mwingine. Huku kwetu bwana harusi aliyeko ng'ambo kumtuma kaka yake apokee nikaha si jambo geni, na mbele ya dini inaweza kuwa ndoa kamili. Kwa maombi haya haitoshi. Tiba yake ni kufunga ndoa upya mkiwa wote wawili, isajiliwe, na maombi yasimame juu ya ndoa hiyo. Usijaribu kuificha kwenye fomu, kwa sababu mihuri ya pasipoti ya mumeo inaonyesha alikuwa wapi siku ya harusi.

Ni ndoa ya aina gani? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inatambua aina mbili: ya mke mmoja, na ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi. Ndoa ya Kiislamu, bila kuelezwa vinginevyo, huchukuliwa kuwa ya aina ya pili, hata kama mume hana wazo la kuongeza mke. Kanada haitambui ndoa ya wake wengi. Kwa mume mwenye mke mmoja, sheria yetu imeweka njia katika kifungu cha 11: mume na mke wanatoa tamko la pamoja kwa hiari yao kwamba ndoa yao ni ya mke mmoja, mbele ya jaji au hakimu wa wilaya au hakimu mkazi, linaandikwa na kusainiwa. Nawashauri Waislamu wote wanaoanza maombi haya wamwone wakili kuhusu tamko hilo mapema, mume akiwa amekuja likizo, kwa sababu linataka wote wawili.

Ndoa za nyuma zilikwisha vipi? Hapa ndipo wengi hukwama. Mume ana talaka ya maandishi ya sheikh, anaamini imetosha. Kwa sheria ya Tanzania ndoa huvunjwa na mahakama. Mnapita baraza la usuluhishi wa ndoa, likishindwa kuwapatanisha linatoa hati yake, na shauri linakwenda mahakamani, ambako talaka ya kidini huzingatiwa lakini tuzo hutolewa na hakimu. Mtu aliyeoa tena kabla ya tuzo hiyo yuko, machoni pa sheria, na wake wawili, na Kanada humtambua wa kwanza tu. Angalia tarehe: tuzo ya talaka lazima iwe kabla ya ndoa mpya. Kama haiko hivyo, wakili kwanza, maombi baadaye.

Kwa mjane, cheti cha kifo cha RITA kinahitajika. Barua ya mtendaji wa kijiji haichukui nafasi yake.

Halafu hakikisha ndoa yenyewe imesajiliwa. Cheti cha kanisani chenye maua pembeni ni kumbukumbu nzuri ya kutundika sebuleni. Kinachotakiwa ni kile kilichotolewa kutoka vitabu vya serikali na mfungishaji ndoa mwenye leseni, na kumbukumbu yake iwepo RITA. Ukiwa na wasiwasi omba RITA wakihakiki.

## Hatua ya 4: Taja watoto wote

Kila mtoto wako aandikwe: wa ndoa hii, wa kabla yake, anayeishi kwa bibi Kibondo, ambaye baba yake hamzungumzi, na ambaye mwenza wako bado hamjui. Kwa Kanada mtegemezi kwa kawaida ni mwenye chini ya miaka 22 asiye na ndoa, lakini waliozidi umri huo nao wanatajwa kwenye fomu ya familia.

Mtoto mtegemezi hata kama hasafiri nawe lazima atajwe na apimwe afya. Usipomtaja, kanuni ile ile niliyoieleza juu inamfungia mlango wa kudhaminiwa nawe baadaye. Nimeona mama akiificha habari ya mtoto wa miaka tisa kwa kumwogopa mume mpya, na nilimwambia kama ninavyokuambia wewe: ongea na mumeo wiki hii. Fedheha ya jioni moja inapita. Mtoto akibaki upande huu wa ziwa peke yake, hilo halipiti.

Kama mtoto aliye chini ya miaka 18 anasafiri na mzazi wake mwingine yuko hai, utahitaji fomu IMM 5604 yenye saini ya mzazi huyo, au amri ya mahakama ya malezi.

## Hatua ya 5: Ushahidi kwamba ni ndoa ya kweli

Ofisa hajawahi kufika Kigoma na hatapiga simu kwa mjumbe wa nyumba kumi. Anasoma mlichompa, anauliza moyoni: hawa wawili wanajuana kweli?

Anza na picha, zisizidi 20. Watu huniletea mia mbili kwenye simu, nyingi za keki na mapambo. Tunachagua hivi: chache za mlipofahamiana, posa au mahari, harusi mkiwa na wazazi wa pande zote, safari alizokuja baada ya harusi, maisha ya kawaida. Picha ya mumeo amekaa mkekani na mama yako, sahani ya ugali na migebuka katikati yao, ina nguvu kuliko picha kumi za studio. Chini ya kila picha andika nani yupo, wapi, lini.

Mazungumzo yasizidi kurasa 10. Chukua kidogo kidogo kutoka miezi na miaka tofauti, tarehe zikionekana. Yanayofaa ni yale ya maisha: ada ya mtoto, homa ya mama, ugomvi mdogo na mlivyoumaliza. Kurasa zote kumi za wiki moja, "nimekumiss" juu mpaka chini, hazisaidii.

Kisha tafuta vitu ambavyo watu wa kwetu wanavyo na hawavihesabu:

- Barua ya posa na majibu yake, na maandishi ya mahari kama yapo
- Kadi ya mwaliko wa harusi na daftari la kamati la michango
- Taarifa ya miamala ya simu au ya kampuni za kutuma pesa, yenye majina yenu wote wawili
- Tiketi na mihuri ya pasipoti ya kila safari aliyokuja kukuona
- Hati ya kiwanja au mkataba wa pango wenye majina yenu, bima, au fomu ya kazi aliyokuandika wewe kuwa mrithi
- Kadi ya kliniki ya ujauzito au ya mtoto

Kuhusu pesa: omba taarifa ya muda mrefu kutoka mtandao wako wa simu, si picha ya ujumbe mmoja mmoja. Na kama alikuwa akituma kwa namba ya kaka yako kwa sababu huna namba iliyosajiliwa, kaka aandike barua ya kueleza, aiambatishe na nakala ya kitambulisho chake.

Mwisho kabisa jazeni IMM 5532. Kila mmoja aandike majibu yake bila kumwangalia mwenzake, halafu mpigiane simu mlinganishe. Mkigundua yeye kaandika mlikutana 2018 na wewe 2019, tafuteni ukweli kwenye picha na tiketi. Msichague mwaka kwa kukubaliana. Mkitofautiana na mihuri ya pasipoti, ofisa ataamini mihuri.

## Hatua ya 6: Miaka 10 bila tundu

IMM 5669 inataka historia yako ya miaka 10, au tangu ulipotimiza 18, mwezi kwa mwezi, bila kuacha nafasi. Miezi uliyokaa bila kazi inaandikwa hivyo hivyo. Kulima shamba la familia Kasulu ni kazi, iandike. Kuuza dagaa Kibirizi ni kazi, iandike. Tumia matukio kukumbuka: mwaka wa mtihani, msiba, mtoto alipozaliwa.

IMM 5406 inataka wazazi, ndugu na watoto wote, wakiwemo waliofariki. Ukikosa tarehe kamili ya kuzaliwa ya mzazi, tumia ile iliyo kwenye NIDA yake, na uitumie hiyo hiyo kila fomu.

Kama uliwahi kuishi Bujumbura, Uvira au Kalemie, historia hii ndiyo itakayoonyesha kama unahitaji cheti cha polisi cha huko. Usiufupishe muda ili kukwepa usumbufu.

## Hatua ya 7: Polisi, sasa

Cheti cha polisi cha nchi unayoishi lazima kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kutuma maombi. Ndiyo maana kinakuja huku mwishoni, baada ya majina na ndoa kunyooka. Unachukuliwa alama za vidole, unalipia, na hati inatolewa na Jeshi la Polisi. Vidole viwe safi. Wavuvi na mafundi wenye ngozi iliyochunika wapumzishe mikono siku kadhaa kabla, alama zisiposomeka utarudia.

Siku ukikipata, hesabu miezi sita mbele na uandike tarehe hiyo kwenye jalada la faili.

## Hatua ya 8: Tafsiri

Kila karatasi isiyo ya Kiingereza au Kifaransa inatafsiriwa. Ya Kifaransa kutoka Burundi au Kongo haihitaji. Mahakama ya Mwanzo huendesha mashauri kwa Kiswahili, kwa hiyo hukumu yake ya talaka inatafsiriwa yote. Barua ya posa pia. Mazungumzo ya WhatsApp pia, na yakiwa ya Kiha vilevile. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Kifurushi cha tafsiri kina vitu vitatu: nakala ya asili, tafsiri, na kiapo cha mtafsiri mbele ya kamishna wa viapo kwamba ametafsiri kwa usahihi na anazijua lugha zote mbili. Mtafsiri asiwe ndugu yako wala wa mwenza wako, hata kama ni mwalimu wa Kiingereza au wakili. Soma tafsiri mwenyewe kabla ya kulipa, hasa majina na tarehe, maana kosa la mtafsiri litahesabiwa kuwa lako.

## Hatua ya 9: Skani, saini, tuma

Skani kwa mashine, kwa rangi, kurasa zote na nyuma kama kuna muhuri. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole hapana. Kila hati iwe faili moja la PDF lenye jina linaloeleweka, mfano "cheti cha ndoa na tafsiri". Fungua kila faili baada ya kuhifadhi, lisome hadi ukurasa wa mwisho.

Kisha mkae kwenye simu wewe na mdhamini, kila mmoja na orodha yake ya IMM 5533, msome kwa sauti kipengele baada ya kipengele. Angalieni saini kwenye kila fomu inayotaka saini. Fanyeni jioni moja, mlale, mrudie asubuhi ndipo mtume.

Ukishatuma, usiende Dar es Salaam kupima afya wala kuchukuliwa alama za vidole za Kanada (si zile za polisi) mpaka barua ya IRCC ije. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 1,200, na kuna waliokwenda mapema wakarudi bila kuhudumiwa. Barua ya alama za vidole ikifika una siku 30, na ya vipimo vya afya vilevile. Kwa hiyo tangu siku ya kutuma, weka nauli ya kwenda na kurudi pembeni, na fungua ile barua pepe kila siku, ukiangalia na kule zinakotupwa barua taka.